Treni Iliyotumwa Chumvi

Mjukuu wangu Atupele,

Hapa Mpemba hatujambo, ila nyumba imepoa tangu bibi yako atuache. Kuku wake sasa wananifokea mimi.

Unataka meza ya treni ya kuchezea isiyo ghali. Nunua shelfu za dukani, zilaze, zifunge pamoja. Mimi nililaza shelfu za vyombo za bibi yako, tukiwa tumeoana juzi tu, kutoka pazia la jikoni hadi kiti cha baba yangu. Treni ilikuwa ya makopo.

"Mtu mzima na makopo!" baba akafoka. "Kesho shelfu hizi nazipasua kuni."

Enzi hizo mke hakumsogelea baba mkwe wala kusema naye. Chakula alipeleka mtoto, na siku hiyo hapakuwa na mtoto. Bibi yako akapakia bakuli la nyama kwenye treni, akaisukuma kwa mpini wa ufagio, mwenyewe kajificha nyuma ya pazia.

Baba akaonja, akakohoa. "Wewe treni, rudi ukalete chumvi."

Pazia likacheka. Shelfu zikapona.

Tangu hapo bibi yako aliniletea chumvi akipiga honi ya treni kwa mdomo, hadi uzeeni. Siku hizi naifuata mwenyewe jikoni, na honi napiga mimi.

Babu yako