Maharage ya Koplo Sufuria

Alhamisi, 4 Mei 1995
Siku ya soko. Nimedurufu kanda ya saba ya vichekesho vya mume wangu tangu asubuhi. Umeme haukukatika, ajabu. Deki imepata moto mpaka nikaizima ipumzike. Baba Zuhura amelala chumba cha nyuma, kule anakorekodia, tulikotundika mablanketi ukutani ili sauti isipige mwangwi. Anasema kachoka tu. Sauti inakwaruza tangu Ramadhani.

Dirishani pa duka letu watu wamesongamana. Utingo wa basi la Mombo anasema jana abiria walifika stendi wakakataa kushuka mpaka Sajenti Radi wa kwenye kanda amalize gwaride. Ni pale anapoamuru "nyuma geuka" ndani ya roketi. Hakuna uzito, kombania nzima inazunguka haisimami, na yeye hajafundishwa amri ya kuisimamisha. Nimeisikia mara nyingi mpaka naichukia. Leo nimecheka tena.

Jumapili, 7 Mei
Mzee mmoja wa Malindi ya huku milimani, mwanajeshi mstaafu, kaja na hasira. Kasema tunalidhalilisha jeshi. Askari wa Tanzania wapelekwe nyotani kupigana na viumbe wenye magoti matatu, halafu wahangaike na ugali unaoelea! Kagonga fimbo yake kizingitini. Kisha akauliza kama kanda ya saba ipo. Akanunua.

Mwalimu wa Kilutheri anapenda majina ya sayari. Anasema wanafunzi wake wanayajua sasa. Dada wa duka la mitumba anataka Luteni wa kombania aoe. Kila mtu ana lake. Mimi nauza tu.

Mama Saidi wa Mlola naye alikuwepo. Hanunui, hana redio. Kila siku ya soko akishauza mboga zake anakuja, ananisalimia kwa Kishambaa "onga mshi", anakaa kwenye benchi letu na kuomba nimwekee. Hataki kingine, anamtaka Koplo Sufuria, mpishi wa kombania. Kanda ya tatu hasa, Koplo anapovuka katikati ya mizinga ya adui na sufuria ya maharage kichwani, akiwatukana maadui kwa Kishambaa, asimwage hata punje. Mama anacheka mpaka anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Leo kaniambia, "Huyu anaongea kama Saidi wangu."

Saidi alikufa vitani Uganda. Nilijua. Sikujua zaidi ya hapo.

Jumatatu, 8 Mei
Nimemuuliza Baba Zuhura. Hakunificha. Saidi alikuwa mpishi wa kombania yao kule Uganda. Matusi ni yake, mwendo ni wake, kicheko ni chake. Nikauliza, mama yake anajua? Kasema hapana. Nikauliza kwa nini hajamwambia. Kasema kila akimwona pale kwenye benchi anacheka, anashindwa pa kuanzia.

Ndiyo maana hatoki mbele siku za soko. Mimi nilidhani ni uvivu. Miaka kumi na tisa ya ndoa.

Jumatano, 17 Mei
Amekohoa damu. Kidogo, kwenye kitambaa. Kakikunja haraka, lakini nguo zake nafua mimi.
Tumekwenda hospitali. Daktari kamulika kooni, kaminya shingo, kaandika barua ya kwenda hospitali kubwa Moshi. Sikupenda alivyokuwa mpole.

Jumatatu, 29 Mei
Tumerudi jana kutoka Moshi. Ni saratani ya koo.
Daktari ni kijana, kaeleza vizuri. Wanataka wakate kisanduku chote cha sauti. Atapumulia tundu shingoni. Hataongea tena. Wasipokata, uvimbe utamziba pumzi. Na wasichelewe.
Baba Zuhura kamsikiliza kama anasikiliza amri. Kisha kaomba aende nyumbani kwanza amalize kazi.

Kazi gani? Kanda ya nane.

Jumanne, 30 Mei
Tumegombana. Sijawahi kumpigia kelele hivi. Nimemwambia mtu anakufa halafu anaenda kuchekesha watu. Nimemwambia, nani atanitunza, Sajenti Radi?

Amengoja nimalize. Kisha akasema kwa hiyo sauti yake ya mchanga, "Mama Zuhura, watu wote wananiuliza kama kombania inarudi nyumbani. Siwezi kuwaacha huko juu."
Ni watu wa kutunga, nikamwambia.
"Si wote," akasema.

Nimeenda kupika. Nimeunguza.

Alhamisi, 8 Juni
Anarekodi kidogo kidogo. Sentensi tatu, anakunywa maji ya uvuguvugu, sentensi mbili. Mimi nabonyeza kitufe, naachia, nabonyeza. Zamani alikuwa anatoa upande mzima kwa mkupuo mmoja, sauti ya kila mtu kwa zamu, na mimi naziba mdomo kwa mtandio nisiharibu kwa kucheka. Sasa Sajenti na Luteni wana sauti moja. Wote wanakwaruza.
Namchukia. Halafu namtazama shingo ilivyovimba, nachukia kitu kingine.

Zuhura kapiga simu posta kutoka Tanga. Nimemwambia baba yake ana mafua. Sijui kwa nini.

Jumanne, 20 Juni
Upande wa kwanza umekwisha. Kombania imeanza safari ya kurudi. Anataka niuze huo kwanza, upande wa pili utafuata. Na nisiseme anaumwa. Nimeapa. Heri ningekataa kuapa.

Alhamisi, 22 Juni
Ya nane imetoka. Wamepanga foleni mpaka kwa fundi saa. Sijaona furaha kama hiyo. Nimeona aibu kupokea salamu zao.

Jumapili, 25 Juni
Siku mbaya kabisa.
Wamerudisha. Kanda baada ya kanda. "Huyu si yeye." "Mmeweka mtu mwingine." "Kajiona tajiri sasa, kaajiri wa kumwigiza." Mzee wa Malindi karusha yake kwenye meza. Kasema alijua tu, watu wakizoea biashara wanaanza kuwadharau wateja. Kijana mmoja akaigiza ule mkwaruzo, na watu wakacheka. Walicheka kweli, kuliko walivyocheka kwa kanda yenyewe.

Nimesimama. Nimebadilisha kanda za watu. Nimesema samahani. Nyuma yangu kuna pazia tu, na nyuma ya pazia alikuwepo yeye.

Nilipofunga nikamkuta amekaa kitandani, viatu miguuni. Kauliza kama kuna aliyeipenda. Nikasema wapo. Alijua nimedanganya. Kanishika mkono.

Alhamisi, 29 Juni
Niandike hii yote nisije nikasahau ilivyokuwa.

Mama Saidi kaja mchana, mvua ya ukungu, kanga imelowa mabegani. Kaomba ya nane. Nilisita. Nikamwekea. Benchi lote lake, wengine hawaitaki.

Hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, pale roketi inapokaribia dunia na Koplo Sufuria anaichungulia milima yetu kutoka juu, anasema sasa ninakwenda kwa mama. Kanda ikakatika. Mama akaweka mikono magotini.

Kisha akaniambia, "Huyu mtu anaumwa."
Ni yeye peke yake aliyesikia.
Nikasema ndiyo, mama. Kiapo kimeishia hapo.
"Na anataka kumleta mwanangu nyumbani," akasema. "Mwambie asimlete. Kule juu namwona yupo. Akishuka kwenye gari hapo stendi nitamtazama usoni, halafu itakuwaje?"

Pazia likasogea. Baba Zuhura katoka. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Akapiga magoti mbele ya benchi, mtu mzima na mvi zake, akasema shikamoo, mama. Mama akaitikia marahaba, akamtazama.
"Ni wewe unayeongea humo?"
"Ni mimi. Nilikuwa na Saidi."

Mama hakushtuka. Alisogea kwenye benchi kumpa nafasi. Mume wangu hakuinuka. Mimi nilifunga dirisha. Watu waligonga, sikufungua.

Akamweleza. Sauti ilikuwa mnong'ono, mara inakatika, anangoja, anaanza tena. Kwamba wenzao walikuwa mbele, ng'ambo ya kijito, hawajala tangu jana yake. Kwamba Saidi alisema mtu hapigani na tumbo tupu, akajitwisha sufuria. Hakuna aliyemtuma. Kwamba alikuwa anawatukana maadui kwa Kishambaa, kwa sauti, na wao nyuma wanacheka. Bomu likaanguka karibu naye.

"Ile ya kanda ya tatu," mama akasema.
"Ndiyo hiyo, mama."

Nikaona anaelewa. Miaka yote hii ya kucheka. Niliogopa atampiga. Au atapiga ukelele.
Akauliza, "Aliumia sana?"
"Hapana. Nilimfikia, alikuwa ameshakwenda."
"Nani alimsalia?"
"Mimi na wenzangu wawili. Tulimuosha kwa maji ya kijito. Tulimlaza kuelekea kibla. Pana mti wa mkuyu hapo alipolala."

Jeshini walimletea habari tu kwamba amefariki. Hakuna aliyewahi kumwambia kuhusu mti.

Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.
"Na maharage? Yaliwafikia?"
Baba Zuhura alifungua mdomo, sauti haikutoka. Akatikisa kichwa.
"Lakini kwenye kanda yanafika," mama akasema.
Akakubali kwa kichwa.
"Basi yaache hivyo."

Akaweka kiganja juu ya kofia ya Baba Zuhura, akakiacha hapo. Hapo ndipo alipolia, yeye mama, bila sauti kubwa. Mume wangu alilia kama mtoto. Mimi nilitazama deki.

Ijumaa, 30 Juni
Hajarekodi upande wa pili. Nilipomwonyesha kipaza sauti kakirudisha ndani ya boksi. Sauti iliyokuwa imebaki ameitumia jana. Sidhani kama anajuta.
Keshokutwa tunakwenda Moshi. Amekubali mwenyewe. Ningeshukuru, lakini nina hasira na zile wiki tulizopoteza.

Jumatano, 5 Julai
Moshi. Wamemwingiza asubuhi. Kabla ya machela kuondoka kaniita, nikainama. Nilidhani atasema kitu kikubwa. Kasema nisilale sakafuni, kuna baridi.
Ndiyo maneno ya mwisho.
Nimelala sakafuni. Hakuna pengine.

Ijumaa, 7 Julai
Yuko hai. Tundu linapumua. Linatoa mlio kama birika likikaribia kuchemka. Siwezi kulitazama bado. Anajua, anavuta shuka mpaka shingoni.
Daktari kaniita pembeni. Wamekuta vimbe nyingine chini ya sikio. Wametoa walizoweza. Nikauliza maana yake. Kasema tumrudishe nyumbani, tumpe chakula laini, turudi baada ya mwezi kuangaliwa. Hilo si jibu. Ni jibu.

Jumapili, 23 Julai
Nyumbani. Zuhura amekuja. Ana hasira na mimi kwa lile la mafua, na ana haki.
Nimefungua dirisha. Wa kwanza kauliza upande wa pili uko wapi. Nikamwambia hakuna upande wa pili. Mwenye sauti amekatwa koo hospitalini, hataongea tena. Niliyasema hivyo hivyo, makavu. Kijana alibaki na mkono hewani.
Mpaka mchana soko zima lilikuwa linajua.

Alhamisi, 27 Julai
Watu wanaleta vitu. Mayai, peasi, asali ya chupa. Wanaviweka dirishani wanaondoka bila kunitazama. Mzee wa Malindi kasimama mbali, upande wa pili wa barabara, muda mrefu. Hakuvuka. Sikumwita. Moyo wangu haujafika huko.

Mama Saidi kaja. Kaenda moja kwa moja chumba cha nyuma, wamekaa wote wawili. Alipotoka akaomba kanda ya tatu. Nikamwekea. Alifumba macho. Penye maharage alitabasamu kidogo. Hakufuta machozi, aliyaacha yateremke.

Jumamosi, 5 Agosti
Uvimbe umerudi chini ya sikio. Mdogo, mgumu kama kokwa ya plamu. Nimeugusa nikimfunga skafu. Kaondoa mkono wangu taratibu, akaifunga mwenyewe.
Hatujasema kitu. Yeye hawezi. Mimi sitaki.

Alhamisi, 17 Agosti
Soko. Jua kidogo, kisha ukungu. Sasa anakaa mbele pamoja nami, kwenye kiti cha mkeka, skafu shingoni. Watu wanamwamkia, anainua mkono.

Mama mmoja muuza kabichi, sijapata kumwona, kasimama mbele yake na kumwambia kwamba kombania haiwezi kubaki hewani hivyo, watu wana mashamba. Kwa hiyo kwao hadithi wameimaliza wenyewe. Roketi imetua kwenye kabichi zake. Sajenti Radi kaamuru wazilipie, Luteni kakataa, na muuza kabichi mwenyewe kawapangisha mstari wote akawapalilisha mpaka jioni. Akaonyesha kwa mikono jinsi Sajenti alivyoshika jembe. Kaeleza vibaya, karuka mahali, karudi nyuma. Watu wakaanza kumsahihisha.

Nilikuwa nyuma ya kiti nikipanga kanda. Nikaona mabega ya Baba Zuhura yanatikisika. Hakuna sauti, mlio wa tundu tu, haraka haraka. Kutoka nyuma sikuweza kujua kama analia au anacheka. Nikaziacha kanda, nikazunguka mbele kumtazama usoni.

Alikuwa anacheka.

Nikavuta kibao, nikakaa karibu yake mpaka yule mama akamaliza.