Hesabu Kutoka Pasaka

Ndanai, Sotik
12 Septemba 1996

Kwa kijana yangu Aron, huko Lodwar,

Chamgei. Uko namna gani na hiyo joto? Sisi huku tuko wazima, ni mgongo tu inanisumbua, na ile ng'ombe nyeusi imezaa dume tena, sijui inataka nini na mimi. Mvua ya mawe ilipiga chai yote upande wa mtoni, lakini imeanza kuchipuka. Dada yako Chemutai anakusalimia.

Mwandiko utaujua. Usiseme kitu kwanza, soma pole pole mpaka mwisho. Na ukishangaa kwa nini mama yako leo anaongea Kiswahili, ni kwa sababu anayeandika hajui kuandika lugha yetu. Ile barua ya kwanza aliandika Johana wa duka.

Ni hiyo ya Johana nataka kuongea.

Uliporudi kazini baada ya Pasaka, bibi yako Molly alianza kukataa mursik, hata ile maziwa ya kibuyu alikuwa anapenda, anatema mate asubuhi yote. Akasema ana mimba. Unajua mimi nimezalisha wanawake kutoka hapa mpaka Kaplong. Nikamlaza, nikaweka sikio kwa tumbo. Kimya. Nikaweka upande ule mwingine. Kimya kama chungu imefunikwa. Nikajiambia huyu binti wa Ogola wa kiwanda anatudanganya. Yeye akasema basi twende kliniki, tukaenda, mwisho wa mwezi wa tano.

Huko sista ni Chelimo. Unamkumbuka? Mimi ndiye nilimtoa kwa mama yake, alikuja na miguu kwanza, alitusumbua siku mbili. Sasa amevaa nguo nyeupe. Akaweka kile kipembe ya mbao kwa tumbo, akasikiliza, akasema hasikii. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikaambia wanawake wa kwa benchi kwamba sikio yangu ilikuwa imesema hivyo hivyo, na haijaingia shule hata siku moja.

Ndio Chelimo akanigeukia mbele ya wote. Akaniita Kogo, kama nyanya yake, akasema wacha haraka. Akasema mimba ni ya wiki tisa au kumi, moyo ya mtoto imeshaanza kupiga, lakini mwenyewe hajafika hata urefu ya kidole gumba, amekaa chini kabisa nyuma ya mfupa, na hakuna sikio wala kipembe itamfikia mpaka mimba ifike miezi mitano. Hospitali kubwa ziko na mashine ya kusikia mapema, hapo hawana. Akasema kutosikia si kusema hakuna mtoto. Tungoje.

Wale wanawake wakacheka. Mmoja wa Chepilat akasema leo mtoto amefundisha mkunga wake.

Hiyo kicheko iliniingia mpaka kwa mfupa. Nilitoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa Johana, nikamwambia aandike kwamba sista amesikiliza na tumbo haina kitu. Yale mengine ya Chelimo sikumpa. Nikaongeza kwamba ulioa mjanja. Bibi yako hakujua. Akabaki anashangaa kwa nini humwandikii, mwezi baada ya mwezi, na mimi nampikia ugali nikimwambia ni posta ya huko inachelewesha.

Mwezi uliopita tulirudi kliniki. Chelimo akanipa mimi hicho kipembe. Aron, nilisikia. Inakimbia mara mbili ya moyo yangu, kama kifaranga ukimshika kwa mkono. Nikaogopa, nikasema huyu ni mgonjwa. Chelimo akasema hapana, ndani ya tumbo wote hukimbia hivyo. Wanawake wote hao nimezalisha, na hiyo sikuwa najua.

Bibi yako akakuandikia kwa furaha. Jumatatu jibu yako ikafika. Alinisomea jikoni, ilikuwa swali moja tu: mimba ni ya nani. Akaniuliza, Mama, kwa nini anauliza hivi? Nikasema sijui. Siku tatu nimesema sijui, na yeye halali.

Leo nimemwita akae, achukue kalamu. Ndiyo, ni Molly mwenyewe anaandika. Hakujua tunaandika nini mpaka tulipofika pale Johana aliandika uwongo wangu. Hapo kalamu ilisimama. Mimi nilikuwa naangalia moto, sikuweza kumwangalia uso. Baadaye nikasikia kalamu imeanza tena.

Sasa sikia. Usihesabu kutoka barua yangu. Hesabu kutoka Pasaka. Mtoto ni wako, atakuja karibu na Krismasi. Mwongo wa hii nyumba ni mimi.

Akizaliwa, wamama wazee watakaa kumwitia majina ya watu wetu waliokufa, mpaka apige chafya kwa jina lake. Nilikuwa natamani kuita la baba yako. Nimemuuliza Molly kama nitakaa na hao wamama. Amegeuza karatasi. Nikamwambia basi aongeze neno lake hapa chini. Amesema barua ni yangu, nimalize mwenyewe.

Basi namaliza. Jibu usilete kwangu, mwandikie yeye, na uandike upesi. Salimia wenzako wa kazi. Mungu akulinde na hiyo jua.

Ni mimi mama yako, Taplelei.

Hiyo alama ni kidole yangu. Wino ni ya biro ya Molly. Ya kwanza iliteleza, ndio akanishikia mkono.