Moteri ya kusimama

Muji wa Baraka, siku ya jeudi, mangaribi

Ingekuwa mi, kwa mutumbwi wetu tungechagua tu ile moteri ingine, ya kawaida. Lakini muchuuzi alituazima kwanza hii ya umeme na GPS, tujaribu siku moja. Unaionyesha pahali kwa ziwa, inapakumbuka, na inashika mutumbwi palepale bila nanga.

"Inapakumbuka?" yaya wangu Amisi, ndugu yangu mukubwa, aliuliza. "Ikirudi kwa mwenyewe, siri yetu inaenda nayo."

Pahali petu pa kuvua samaki ya mikeke hata bibi yake hapajui. Mi mwenyewe, ndugu yake, alinionyesha tu kisha mi kuoa.

Basi leo tulienda kuidanganya mashine. Tulisimama mbele ya kijiji cha Lweba, pahali hatujawahi kupata hata samaki moja, yaya akafinya butoni. Upepo ulivuma, mutumbwi haukusonga. Tulikaa asubui yote na ndoano mu maji. Yaya alikuwa anaiambia, "Jifunze, jifunze."

Kisha mutumbwi mumoja ukakuja karibu. Wa pili. Saa sita nilihesabu kumi na moja. Bavuvi baliona vile tumesimama imara, bakatupa nyavu yao. Hakuna aliuliza kitu.

Kwa kurudi tulipita pahali petu pa kweli. Hapakuwa muntu.

Tulipofika ufukoni, yaya alipapasa ile moteri. "Tuchague hii," akasema. "Tuifunge kwa mutumbwi wa zamani, ukae kule Lweba kila siku. Kwa kazi ya kweli tutapiga kafi."

Niliuliza nani atakaa ndani ya ule mutumbwi wa zamani, kujifanya anavua.

Aliniangalia tu. Ile macho naijua.