Mafua ya Uongo

Jumatatu, 4 Novemba

Leo somo la kuogesha mtoto, hapa kituoni mke wangu Pei-shan anapokaa mwezi wake wa uzazi. Akina baba tumejipanga, kila mmoja na beseni lake na mwanasesere wake wa mpira. Nesi anasema shika kichwa, shika shingo, usikimbilie sabuni. Rahisi! Mimi ni fundi wa lifti. Mikono yangu haitetemeki hata nikiwa nimening'inia juu ya shimo la ghorofa ishirini.

Nikamwangusha.

Aliteleza tu, sabuni. Kichwa kikagonga sakafu — ko! Wote wakacheka. Baba mmoja mnene akasema huyo keshakufa, mpeni mwingine. Nesi naye akasema afadhali huyu kuliko yule aliye nyuma ya kioo. Nikacheka na mimi. Halafu nikaenda chooni nikasimama tu, sina haja yoyote.

Yule aliye nyuma ya kioo ni Dou-dou wangu. Ana wiki moja.

Alhamisi, 7 Novemba

Ile ko haijanitoka. Kila nesi akinikabidhi mtoto naisikia.

Na leo imekuja nyingine, mbaya zaidi. Nilimpakata Dou-dou nikasogea dirishani nimwonyeshe mvua. Picha ikanijia: mikono yangu inafungua dirisha, mikono yangu inamwachia. Sikutaka! Naapa sikutaka, wala sikugusa hilo dirisha. Lakini niliiona wazi kabisa. Nikamrudisha kitandani mbio mbio mpaka akaamka akilia.

Pei-shan akauliza, wewe vipi, kama umeshika sufuria ya moto? Nikasema nahisi mafua. Nikakohoa. Kumbe najua kukohoa vizuri!

Ijumaa, 8 Novemba

Barakoa. Nesi kanizuia mlangoni: mzazi na kichanga hawasogelewi na mtu mwenye mafua, baba, unajua. Najua sana. Nimemtazama mwanangu kupitia kioo, amefungwa kama andazi, anapiga miayo.

Nikasikia raha. Halafu nikaionea aibu hiyo raha.

Jumapili, 17 Novemba

Tumerudi nyumbani. Ghorofa ya kumi na moja — tuliinunua kwa sababu ya baraza na mandhari ya bandari. Leo nimefunga mlango wa baraza na kusukumia meza ya chakula pale. Nimesema upepo.

Mama mkwe kaja na kuku wake, chupa za mafuta ya ufuta na tangawizi ya kulisha kijiji. Nyumba nzima inanuka tangawizi. Pei-shan haruhusiwi kuosha nywele mpaka mwezi utimie, anajikuna kwa mpini wa kijiko. Naomba hata kikombe kimoja cha maji, mama! Thubutu, kasema mama, uzeeni kichwa kikikuuma usije ukaniita.

Mimi nalala kochini, nisiwaambukize. Daftari hili liko chini ya mto.

Jioni nimemsikia mama mkwe kwenye simu na dada yake. Eti mkwe wangu ana upendo, sijawahi kuona. Eti anajinyima mwanawe mwenyewe asije akamwambukiza, ni mume gani siku hizi? Nilikuwa natafuna paja la kuku. Nikalirudisha bakulini.

Jumatano, 20 Novemba

Nesi wa kituo kapiga simu kumjulia hali Pei-shan. Unalala? Unalia bila sababu? Unapata mawazo ya kukutisha? Pei-shan anacheka, anajibu hapana, hapana, mawazo yangu yote ni shampoo. Nilikuwa pembeni nakunja nguo za mtoto. Nikangoja nesi aseme, haya nipe na baba mtoto. Nilikuwa na jibu mdomoni! Simu ikakatwa.

Kazini nilipanda juu ya kibanda cha lifti, nikakaza mkanda, nikatazama chini. Sina hofu hata chembe. Huko ndiko ninakopumua siku hizi. Mtu gani huyu, haogopi kufa yeye, anaogopa mikono yake?

Mzee Hsiao, mwenzangu wa zamu, ana mabinti watatu. Kanitania: umeshalewa? Utosi wa kichanga unanukia maziwa, ukishaunusa umekwisha, huna ujanja tena. Nikasema ndiyo, nimekwisha kweli.

Sijui unanukiaje.

Jumamosi, 23 Novemba

Pei-shan kafunga mlango wa chumba, kanigeukia. Kasema: mafua gani hayaishi, hayana homa, hayana makamasi? Kasema: ulitaka mvulana? Sema tu, Chih-yuan. Sema nijue moja.

Mimi! Niliyelia waliposema ni msichana, nikalia mpaka daktari akanipa kiti!

Nilifungua mdomo. Kikatoka kikohozi.

Kanitazama hivi, halafu akamnyanyua mtoto akanipa mgongo.

Jumanne, 26 Novemba

Kesho mwezi unatimia. Mayai yamepakwa rangi nyekundu, wali wa mafuta umeagizwa kwa ajili ya ndugu. Pei-shan ameshatoa taulo tatu za nywele, anazitazama kama mahari. Na mimi haongei zaidi ya pisha na asante.

Mama mkwe kapanga kila kitu. Asubuhi atamnyoa Dou-dou, halafu mtoto atolewe nje aitiwe mwewe, ili akue na moyo mkubwa. Kwao kijijini walizunguka nyumba wakigonga ardhi kwa fimbo ya mwanzi, wakimpigia mwewe kelele. Hapa tutazunguka nini, lifti? Kwa hiyo ni barazani. Yeye atagonga fimbo na kuita. Na wa kumbeba mtoto ni baba. Si umeshapona, mwanangu? Sijakusikia ukikohoa tangu juzi.

Nikasema nimepona, mama.

Barazani. Ghorofa ya kumi na moja. Mikononi mwangu.

Nimeandika kwenye simu, "baba anaogopa kumdhuru mtoto wake." Nikafuta kabla haijatafuta. Je, kama jibu ni kwamba watu kama mimi hufungwa?

Jumatano, 27 Novemba

Niandike upesi. Hapana, nisiandike upesi.

Pei-shan aliingia kuoga, anaimba humo ndani. Mama kamaliza kunyoa, kaniwekea Dou-dou kifuani, kasukuma ile meza kwa nyonga, kafungua mlango wa baraza. Upepo ukaingia. Picha ikaja palepale, mikono yangu, ukuta wa baraza, yote. Nikakaa chini, sakafuni, mgongo kwenye kochi.

Inuka baba, mwewe hangoji mtu! Anacheka, fimbo mkononi. Nikasema siwezi. Akasema una nini, kizunguzungu? Nikasema mama, nakuomba, funga huo mlango. Akaacha kucheka.

Pei-shan katoka mbio, nywele zinachuruzika maji. Kanikuta sakafuni nimemkumbatia mtoto. Kauliza kuna nini. Nikasema sijawahi kuwa na mafua. Hata siku moja.

Kasema, ila nini? Chih-yuan, ila nini?

Nikavuta daftari chini ya mto, nikamwambia ningoje kidogo, niandike kwanza, labda yatapangika. Ndio hivi naandika kwa mkono mmoja, herufi zinapanda na kushuka. Mama kafunga mlango, kasimama pale na fimbo yake kama mlinzi. Anasema huyu apelekwe hospitali. Pei-shan anasema mwache mama, atasema. Amekaa sakafuni kando yangu, anauliza bado? Nasema bado kidogo. Maji ya nywele zake yanadondokea ukurasa.

Utosi wa Dou-dou uko chini ya pua yangu, umenyolewa, uchi. Ni kweli. Ni maziwa. Mzee Hsiao hakunidanganya.

Pei-shan ananyoosha mikono nimpe mtoto, nizungumze vizuri. Nimetikisa kichwa. Nataka kulisema lile la dirisha nikiwa nimemshika. Naweka kalamu.