Uso wa Aichi

Jumatatu, 2 Juni 2003
Nimemkanda Aichi magoti kwa maji ya moto, kama kila asubuhi tangu baridi ianze. Miaka minane, anatembea kama ajuza. Madoa mekundu yamerudi miguuni. Jirani anasema viroboto. Viroboto gani wa kumfanya mtoto achechemee? Nimechoka na madaktari wa uani.

Alhamisi, 5 Juni
Ameamka uso umevimba, macho hayafunguki. Mkojo mweusi kama chai ya rangi. Baba yake yuko mlimani na watalii. Kesho nashuka naye Moshi mwenyewe. Naogopa mno.

Jumanne, 10 Juni
Majibu yametoka. Homa ya ini, ile ya C. Nimebisha: mbona ini haliumi? Daktari ameeleza taratibu. Kirusi kinakaa kwenye ini, lakini kinga ya mwili inachanganyikiwa, inaipiga mishipa midogo ya damu. Ndiyo hayo madoa, ndiyo hayo magoti. Sasa imefika kwenye figo.
Huenda alikipata kwenye damu aliyoongezewa akiwa mchanga, malaria ilipotaka kuniulia mtoto. Damu ileile iliyomwokoa. Nimekosa wa kumchukia.
Kapewa vidonge. Chumvi marufuku. Uvimbe usipopungua atalazwa, na figo zinaweza zisipone kabisa.

Ijumaa, 13 Juni
Kopo la chumvi nimelifungia chumbani. Nyumba nzima tunakula chapwa. Mama mkwe ananuna, anune. Aichi anakubali kiburu tu, ndizi na maharage. Napika kila siku. Uvimbe uko palepale.

Jumatatu, 16 Juni
Umefika miguuni. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nimemlipukia mama mkwe: wewe ndiye unayemlambisha chumvi nikienda shambani. Kachukua panga, kaenda kukata majani ya ng'ombe. Sijutii.

Jumanne, 17 Juni
Mama mkwe hajagusa chakula changu. Shauri yake.

Jumatano, 18 Juni
Nilikuwa natia magadi kwenye maharage ya kiburu, yalainike. Nikalamba kidole.
Chumvi.
Kila siku, kwa mkono wangu, huku najisifu kwa kuficha kopo. Kwetu magadi ni magadi, nani anayaita chumvi? Tumeyakuta jikoni kwa mama zetu. Chungu kizima nimewamwagia nguruwe, nikashuka hospitali. Daktari amesema kwa figo ni yaleyale. Hakufikiria kuuliza. Nami sikufikiria kusema.
Jioni nimepiga magoti jikoni mbele ya mama mkwe. Nimelia. Ameniambia niinuke, moto unazimika. Kisha kamenya ndizi, kapika mwenyewe, bila magadi.

Jumatatu, 23 Juni
Miguu imeanza kupungua. Sisemi kitu, nisije nikakosea tena.

Jumapili, 29 Juni
Uvimbe umeisha. Halazwi. Juzi daktari alisema figo bado zinavuja kidogo, na kirusi hakijaondoka. Tutaishi nacho, tukienda kliniki. Magoti bado yanauma asubuhi.
Tukijiandaa kwenda kanisani, Aichi kajitazama kwenye kioo muda mrefu. Kauliza mbona amekonda. Nimemwambia hajakonda, ndiyo sura yake.
Kasema alikuwa ameisahau.
Hata mimi.