Discours ya préfet ilikatikia kwa ekra

Léo, umelala? Miye niko nakufa na haya.

Leo kwa fête ya masomo préfet, mukubwa wa masomo yetu, alisomea wazazi discours yake kwa ordinateur, ndani ya programme yenye nilitengeneza. Panneau ya ndani, yenye kubeba maneno, niliipa urefu sawa na ya inje, yenye kuonekana kwa ekra! Basi haiteremuke, maneno ya chini hayaonekane.

Akafika: "Wazazi, shida ya kwanza ni..." Kwisha. Anafinya mushale ya kuteremusha, anafinya. Hakuna kitu!

Léo, watu wakapiga makofi! Inspecteur wa masomo, mugeni wetu, akasimama: "Préfet, leo umesema mufupi, Mungu akubariki!"

Kisha préfet akaniita kwa bureau yake. Nikajua ananifukuza. Akafunga mulango, akasema polepole:

"Mutoto, yangu utengeneze. Juma yenye kuja ni inspecteur anasoma discours. Yake uiache vile vile."