Ofisi ya Kodi Nimeiambia Miaka Mitatu, Ukweni Tisa

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa maana nimekwama. Mimi ni mwanafunzi wa kigeni, nasomea uzamivu, na kwa sheria ya hapa siku anazokaa mwanafunzi nchini hazihesabiwi kwa miaka mitano ya kwanza, ukiingia wa sita zinahesabiwa, na ukipitisha nusu mwaka unakuwa mkazi wa kodi, unatangaza hadi mapato ya kwenu, nami kwetu nina vyumba vya kupangisha alivyoniachia marehemu baba. Sasa jirani yangu bwenini, mtafiti mgeni aliyealikwa na chuo, akaniambia, "Bwana wewe, sisi wageni tu, andika mitatu, nani atahesabu?" Nikaandika mitatu kwenye fomu ya kodi, ile tunayoipitishia ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Lakini mshauri, nina mchumba, na mama yake hataki mkwe wa kupita njia, kwa hiyo siku ya kujitambulisha aliponiuliza nina muda gani hapa nikajikuta nimesema tisa, kwamba mimi mwenyeji kabisa, nikaongezewa nyama. Jumatatu nikaitwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni kuhusu ile fomu, nafika dirishani, karani anayeinua miwani ni mama mdogo wa mchumba wangu, aliyekaa ubavuni pangu siku ile ile! Akaitazama fomu, akanitazama, akasema taratibu, "Mwanangu, hapa una mitatu. Kwa dada yangu ulikuwa na tisa. Hiyo sita umeiweka wapi?" Nikajaribu kucheka, kikatoka kikohozi. Akaifungia fomu kwenye droo. "Ijumaa uniletee hesabu moja." Nikishika mitatu nakosa mke, nikishika tisa naandamwa na kodi ya miaka yote baada ya mitano. Nishike ipi? (Ukweli ni sita, lakini hiyo haimridhishi mtu.)

Ni mimi, Mwenyeji Mgeni

JIBU

Pole, ingawa naitoa shingo upande. Barua nzima unaniuliza ushike uongo upi, na ukweli umeusukumia kwenye mabano kama nguo chafu mgeni anapobisha hodi. Mama mdogo alikuuliza sita iko wapi, na jibu ulikuwa nalo mdomoni, ukakohoa!

Jirani yako muache na hesabu zake. Watafiti wageni husamehewa kuhesabiwa siku kwa miaka miwili tu, na nina wasiwasi hata yake hajaihesabu. Wewe, kama mwaka huu umepitisha nusu yake hapa, ni mkazi wa kodi, upende usipende. Wala usianze kutamba: ukazi huo haukupi haki ya kuishi hapa. Kibali chako bado cha mwanafunzi, na foleni yako ni ile ile ya wageni.

Leo toa pasi zako, ya zamani na mpya, uhesabu mihuri siku kwa siku, safari za nyumbani uziondoe. Omba fomu ya marekebisho, vyumba vya baba uvitaje, na uulize kama kodi unayoilipa serikali ya kwenu inaondolewa kwenye ya hapa. Umewahi kuuliza? Hujawahi, ulikuwa na kazi ya kubuni miaka.

Jioni mwambie mchumba wako. Yeye kwanza, kisha mama yake, na bila hotuba. Akikasirika, kaa ukasirikiwe.

Kuhusu huyo karani unayemwogopa: angeweza kuipeleka fomu kwa bosi wake asubuhi ile ile. Ameificha, kwa ajili ya mtoto wa dada yake. Ikikutwa kwenye droo yake, atakayepoteza kazi si wewe. Usingoje Ijumaa. Nenda kesho, dirisha likifunguliwa.